Wiki tatu ndani ya POP

"Mama, hapa nilikatwa na nini?" Kifungua mimba wangu aliniuliza jana nikimwogesha, kidole kwenye kile kimstari juu ya kisigino cha kushoto. Nikamjibu, "Na daktari, ili uweze kukanyaga." Yeye akaendelea na povu lake. Mimi usingizi ukanipaa.

Alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuingia ndani. Mguu wa hivyo haulazimishwi. Daktari anaunyoosha kidogo kwa vidole vyake, anaufunga POP, ile plasta ngumu ya hospitali, pale ulipofikia, na siku 5 hadi 7 kano laini za mtoto zinalegea humo ndani. Kisha POP inalowekwa, inatolewa, inafungwa nyingine. Wengi humaliza na POP 5 au 6. Inaanzia vidoleni hadi pajani, goti limekunjwa nyuzi 90, maana ikiishia chini ya goti inachomoka. Nyumbani kazi yako ni vidole: bonyeza, achia, damu irudi upesi. Vikivimba, vikipoa au vikizama ndani ya POP, rudi kliniki siku hiyohiyo.

Usiku nilikuwa naomba Mungu aunyooshe kabla hakujapambazuka. Mama mkwe alikuwa ametamka mbele ya wageni kwamba nilimcheka kilema nikiwa na mimba. Sikumcheka mtu. Nilitaka muujiza wa usiku mmoja umjibu.

Ikafika siku ya kisu. Mguu ulikuwa umeshageukia nje, ila kisigino kimebaki juu, kwa kuwa ile kano nene ya nyuma hailegei kwa POP peke yake. Wakampiga ganzi kidogo. Nilimshika mabega, uso wangu karibu na wake, jasho lake likinuka maziwa. Daktari alikuwa anausukuma unyayo juu kwa mkono mmoja. Kisu chembamba kikaingia, na kano ilipoachia, unyayo ukapanda ghafla kiganjani mwake. Ukalala bapa. Nilikuwa sijawahi kuuona hivyo. Kwenye pamba palikuwa na damu kidogo sana. Mtoto akalia kwa muda mfupi, mimi nikashindwa kunyamaza.

"Mama, tulia," nesi akaniambia. "Wiki 3 tu, kano inajiunga yenyewe, tena ikiwa ndefu."

Yenyewe. Ndani ya POP ile ya mwisho hakuna mkono wa daktari unaofika, na hakuna wa kuiharakisha. Ukiifungua mapema, kano haijawa imara. Niliomba kwa namna nyingine wiki zile.

Baadaye vikaja viatu vilivyoungwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala tu hadi miaka 4 au 5. Hapo ndipo miguu mingi hurudia kupinda, kwa sababu mzazi akiuona umenyooka anavivua. Msiviache kabla ya wakati, jamani, eti kwa kuwa mtoto analia.

Mguu ulikuwa na ratiba yake. Moyo wangu haukupewa. Mama mkwe anampenda mjukuu wake kwelikweli, na maneno yale hajayarudia wala hajayafuta. Bado namwomba Mungu juu yake, bila kumpangia siku. Sijui kama huku ni kupona au ni kuzoea. Ila akipiga hodi siku hizi, naenda mwenyewe kumfungulia.