Waliosimama tangu asubuhi hata jioni

Tumsifu Yesu Kristo.

Wiki nzima nimekuwa nikirudia sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka. Yethro, kuhani wa Midiani, anamfuata Musa jangwani akiwa na binti yake Sipora, mke wa Musa, na wajukuu wawili, Gershomu na Eliezeri. Wanasalimiana, wanaulizana hali, wanaingia hemani, wanakula chakula mbele za Mungu. Kesho yake mzee anakaa kando na kutazama. Musa ameketi anaamua mashauri, watu wamemzunguka wamesimama, mpaka jua linazama.

Miaka yote nimeisoma habari hii nikimhurumia Musa. Safari hii nimewaona waliosimama. Yethro aliwaona pia, maana aliuliza mbona Musa ameketi peke yake na watu wote wamesimama tangu asubuhi hata jioni, kisha akaonya kwamba watachoka wote, yeye na watu walio pamoja naye. Mfikirie mama mwenye shauri la mbuzi mmoja, mtoto yuko mgongoni, anasubiri kutwa nzima jambo ambalo mzee wa hema la jirani angelimaliza kabla jua halijawa kali.

Nalisema hili kwa sababu mimi nami nimewasimamisha watu. Nilipochaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, niliona uongozi ni kujituma tu. Katibu alikuwepo, lakini daftari la mahudhurio nilikaa nalo mimi. Mhazini alikuwepo, lakini bahasha za michango zilipitia kwanza mkononi mwangu. Nilianzisha wimbo, nikasoma Injili, nikaifafanua, nikatoa matangazo ya parokia, nikafunga kwa sala. Watu walinisifu, na sifa zile zilinipofusha. Kisha malaria ikanilaza wiki mbili. Jumamosi ya kwanza watu walifika, wakakumbuka kwamba daftari na ratiba viko kwangu, wakasali Baba Yetu, wakatawanyika. Jumamosi ya pili walifika watano.

Aliyeniambia ukweli ni bibi mmoja wa jumuiya, aliyekuja kunijulia hali na chupa ya uji. Alingoja ninywe kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, tunakushukuru kwa moyo wako. Ila siku hizi tunakuja jumuiya kukusikiliza wewe." Akaniombea, akachukua chupa yake, akaenda zake. Niliumia siku kadhaa. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa lifike uani kwa watu, mahali ambapo kila mmoja anajulikana kwa jina na ana la kufanya. Mimi nilikuwa nimewarudisha watu wale wale kwenye mabenchi.

Kugawa kazi hakukunichukua muda. Daftari lilirudi kwa katibu, bahasha zikarudi kwa mhazini. (Yethro alimwambia Musa achague watu wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Hilo la mwisho tusilipite haraka. Palipo na bahasha, zihesabiwe na wawili, mbele ya wote.) Kilichonishinda ni kunyamaza. Tulimpa binti wa kidato cha tatu aongoze Hatua Saba, ile njia ya kushirikishana Injili iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Hatua ya nne ni ukimya, na yeye akauacha ukimya uwe mrefu kweli kweli. Kuku akapita mlangoni. Mtu akakohoa. Ulimi ukaniwasha, nikaingiza mkono mfukoni nikashika rozari, nikahesabu punje moja moja. Tulipofika hatua ya tano, ya kushirikishana, fundi baiskeli aliyekuwa akikaa karibu na mlango miaka yote, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake isipokuwa kwenye nyimbo, akafungua kinywa. Aliyoyasema si yangu kuyasimulia. Ninachojua ni kwamba kama ningesema mimi, yeye asingesema.

Musa mwenyewe hakufundishika kwa siku moja. Alimsikiliza mkwewe, akaweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Hata hivyo katika Hesabu 11 tunamkuta akimlilia Mungu kwamba hawezi kuwabeba watu hawa wote peke yake, ni wazito mno kwake. Ni maneno ya Yethro yale yale, sasa yanatoka kinywani mwake. Mungu akamwambia akusanye wazee 70, akawapa sehemu ya Roho aliyekuwa juu ya Musa. Wawili, Eldadi na Medadi, walibaki kambini, wakatabiri huko huko. Yoshua, mtumishi wa Musa, akataka wakatazwe. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akasema laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Mtu aliyewasimamisha watu kutwa nzima ndiye anayesema hivyo! Napaona hapo kama kilele cha uongozi wake, juu hata ya siku ile ya bahari.

Jumamosi iliyopita mvua ilinichelewesha. Nilipofika uani kwa yule bibi walikuwa wameshaanza, wako hatua ya tatu. Sauti moja ilikuwa inarudia neno lililoigusa, wakanyamaza kidogo, nyingine ikafuata kutoka upande wa pili. Nikavua viatu mlangoni, nikatafuta nafasi kwenye mkeka.