Kadi ya Sherifu na Mpaka wa Virginia

Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Greensboro, North Carolina. Nauza vitenge, dagaa, unga wa muhogo na mawese kwenye sherehe na misiba ya watu wetu, Watanzania kidogo, Wakongo wengi. Biashara hii ni ya pesa taslimu, na mara nyingi narudi nyumbani saa saba usiku. Mwenzangu mmoja alipoporwa kwenye kituo cha mafuta, nikaamua kuomba kibali cha kubeba bastola kwa kuificha mwilini. Kwetu Tanga ningechekwa. Mtu mwenye silaha ya halali pale mtaani alikuwa askari, na labda tajiri mmoja wa mkonge.

Kibali hutolewa na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti: darasani siku nzima, kulenga shabaha, alama za vidole, ada ya dola 80 na nyongeza ya vidole. Kadi ni ndogo, nikaichomeka pochini nyuma ya leseni ya udereva. Hapo ndipo nilipojidanganya. Leseni ya udereva ya North Carolina inakubalika hadi California, basi nikadhani na hii ni ndugu yake.

Kila wiki mbili nilikuwa napanda barabara namba 85 kwenda Richmond, Virginia, anakoishi dada yangu, nikiwa na mzigo. Virginia ilikuwa inatambua kibali chetu, sikuwa na wasiwasi. Halafu tarehe 22 Desemba 2015, siku tatu kabla ya Krismasi, shemeji akanipigia. "Shemeji, hicho chuma chako huku kwetu kimefukuzwa."

Nilidhani ananitania. Kumbe Mwanasheria Mkuu wa Virginia, Mark Herring, alikuwa ametangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 2016 jimbo lake halitatambua tena vibali vya majimbo 25, North Carolina likiwamo. Sababu yake: majimbo hayo yanaweza kumpa kibali mtu ambaye kwa sheria ya Virginia angenyimwa. Kusema kweli hoja yake niliielewa. Kilichoniuma ni kwamba kadi yangu haikubadilika hata herufi moja, ila ningevuka mpaka nayo kiunoni Februari na kuwa mhalifu.

Nikakaa chini na mke wangu, tukasoma. Tuligundua jambo ambalo mwalimu wa darasani alilipitia haraka mno: anayetambua kibali ni jimbo unalokwenda, si jimbo ulilotoka. North Carolina inatambua vibali vya majimbo yote tangu Desemba 2011, lakini ukarimu huo haumlazimishi jirani kukulipa. Nikachapisha fomu ya kibali cha Virginia cha watu wasio wakazi, kinachotolewa na polisi wa jimbo kwa ada isiyozidi dola 100. Fomu ilikaa mezani, juu yake vikombe vya chai.

Njia iliyonifaa ilikuwa rahisi kuliko hiyo. Sheria ya Virginia inamruhusu mtu anayemiliki bastola kihalali kuwa nayo kwenye gari lake binafsi bila kibali, mradi imewekwa ndani ya kasha au sehemu inayofungwa. Nikanunua kasha la chuma. Bastola tupu ndani, kufuli, kwenye buti chini ya marobota ya vitenge. Risasi kwenye mfuko mwingine. Sheria haikudai yote hayo, ila mimi ni mwoga. Kazi hiyo naifanya nyumbani kabla ya alfajiri, si kwenye maegesho ya njiani, maana Mwafrika anayehangaika na bastola gizani kando ya barabara kuu sidhani kama ataulizwa maswali mengi.

Katikati ya Januari nikasimamishwa upande wa Virginia. Taa ya nyuma ilikuwa imekufa. Nikawasha taa ya ndani, mikono juu ya usukani, vidole vimetanuliwa. Kwetu North Carolina, mwenye kibali aliyebeba silaha lazima amwambie polisi mwenyewe, Virginia haimlazimishi. Nikasema hata hivyo: kibali ninacho, bastola iko kwenye buti, imefungwa. Yule askari akaigeuza kadi yangu chini ya kurunzi, mbele na nyuma. "Hii tunaitambua mpaka tarehe mosi," akasema. "Baada ya hapo, tutasubiri tuambiwe." Akanionya kuhusu taa, akaniacha.

Tarehe mosi yenyewe haikuleta kitu. Mwishoni mwa Januari Gavana wa Virginia, Terry McAuliffe, alikubaliana na wabunge: vibali vya majimbo mengine vitambuliwe vyote, na wao wakubali watu waliowekewa amri ya mahakama ya kudumu kwa ukatili wa nyumbani wasimiliki bunduki. Sheria ikaanza Julai 1, 2016. Fomu yangu ikaishia kufungia dagaa.

Lakini kasha nimelibakiza. Mwaka 2017 tulialikwa harusi Silver Spring, Maryland. Maryland haitambui kibali cha jimbo lolote. Kuna sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, ya 1986 inayomlinda msafiri mwenye silaha tupu iliyofungwa, lakini inamfaa anayepita tu, na tena lazima kule anakoishia awe na haki ya kuibeba. Mimi nilikuwa naishia Maryland. Nilimkumbuka pia mama mmoja wa Philadelphia, Pennsylvania, aliyesimamishwa mwaka 2013 New Jersey, jimbo lisilotambua kibali cha kwao, akamwambia polisi kwa uungwana kabisa kwamba ana bastola na kibali cha Pennsylvania. Alikamatwa, na ikabidi Gavana wa New Jersey, Chris Christie, amsamehe mwaka 2015.

Siku hizi usiku wa kuamkia safari nafungua ukurasa wa polisi wa kila jimbo nitakalopita, nasoma upya hata kama nilipita mwezi uliopita. Mke wangu akiwa anapasi nguo ananiuliza, "Leo inakwenda au inabaki?" Kwa harusi ile ilibaki, na ufunguo akautia kwenye mkoba wake.