Mwenzetu Asiyetaka Kutajwa

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa hapa Bagamoyo, mweka hazina wa msikiti wetu alisimama kusoma majina ya waliochangia tangi la maji ya udhu. Katikati ya daftari akasema, "Yuko na mwenzetu mmoja, huyu hakutaka kutajwa," akataja kiasi. Safu zikaitika: mashaallah!

Mwenzetu huyo ni mimi. Nikainamisha kichwa kama niliyezama kwenye tasbihi, ila si sana, ili wa pembeni yangu apate kuona nilivyoinama. Akaninong'oneza: "Huyo hawi mwingine, ni yule mzee anayepara samaki sokoni. Yule ana dini ya kweli."

Nikakohoa. Wallahi nilikohoa makusudi, mara mbili.

Tangu siku ile nakitafakari kikohozi changu. Aliyesomwa kwa jina alipata sifa moja, ya ukarimu. Mimi nilizitaka mbili: ya ukarimu, na ya kutotaka sifa. Sisi watu wa pwani tuna pua kali. Mtu akitoa unga huku anapigwa picha, jioni barazani keshaitwa mjionyeshaji. Tunamheshimu zaidi anayetoa kidogo kimyakimya. Basi kimya nacho kimekuwa bidhaa, na mimi nilikuwa nakiuza msikitini.

Tena mji huu unajua vizuri kwamba dini humpandisha mtu. Sheikh Ramiya aliletwa hapa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, enzi ambazo swali la kwanza lilikuwa "wewe wa nani?" Akafanya biashara, akasoma, akafundisha, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya kisufi ya Kadiria, alipofariki mwaka 1931 alikuwa mmoja wa masheikh wakubwa wa mwambao. Ukoo ulimfungia mlango, elimu na ucha Mungu vikaufungua. Surat Al-Hujurat, aya ya 13, inasema mtukufu wetu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu wetu zaidi. Mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini. Sisi tunaopanga safu hapa chini tunaona kanzu iliyonyooshwa na alama ya sijda kwenye paji la uso, basi.

Ndiyo maana ile hadithi ya Abu Huraira katika Sahih Muslim hunitisha kila niisomapo. Watatu watahukumiwa mwanzo: aliyekufa vitani, aliyesoma na kufundisha, na tajiri aliyetoa kila mahali. Kila mmoja ataambiwa: ulifanya ili isemwe wewe ni shujaa, wewe ni mwanachuoni, wewe ni mkarimu, na imekwisha semwa. Neno hilo la mwisho. Sifa waliyoitaka waliipata yote, hakuna aliyewadhulumu.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya kikohozi. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alileta mabati ya msikiti mchana kweupe, gari likapiga honi mtaa mzima. Mimi ndiye niliyesema barazani, "Huyo anatafuta udiwani." Watu wakacheka, nami nikapanda cheo kidogo pale kwenye kahawa kwa kumshusha mwenzangu. Al-Baqara 271 inasema sadaka ya wazi ni nzuri, ya siri iliyofikishwa kwa mafakiri ni bora. Ile ya wazi haikuitwa uovu. Na katika Al-Hujurat, aya moja tu kabla ya ile ya utukufu, tumekatazwa kudhaniana vibaya na kupelelezana. Mabati yale hayavuji. Nia yake sikuwahi kuiona, ila niliihukumu nikiwa na kikombe mkononi.

Ijumaa iliyopita nimemwona yule mzee wa samaki akisogezewa nafasi safu ya mbele. Akageuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Alipoona ni yeye, akaketi ukingoni mwa mkeka, akakunja mikono ya kanzu ili magamba yaliyomganda kwenye viganja yasiuchafue. Hajui kwa nini anaheshimiwa ghafla, na wanaomheshimu hawajui kuwa wamekosea mtu. Au pengine hawajakosea.

Niseme na hili. Kiasi nilichotoa nilikiandika hapo juu, nikakifuta, nikakirudisha, nikakifuta tena.