Nilivyoacha kubahatisha "is" na "are"

Nilipoanza kazi mapokezi katika hoteli moja Arusha, Kiingereza changu cha kuongea kilikuwa hakinitii aibu. Cha kuandika ndicho kilichoniumbua. Siku moja nilimwandikia mgeni: "The list of rooms are attached." Meneja akasoma, akaniuliza, "Dada, 'are' ya nini hapo?" Nikamjibu kwamba vyumba ni vingi. Akacheka, akaenda zake.

Nilipata jibu ndani ya daladala, jioni ile ile, nikiigeuza sentensi kwa Kiswahili: orodha ya vyumba imeambatanishwa. Siyo "vimeambatanishwa", mdomo wenyewe unakataa. Kumbe kiambishi i- kilikuwa kinanionyesha kiima muda wote: orodha, na ni moja. Basi "is". Tangu hapo kila sentensi ndefu naisema kwanza kwa Kiswahili na kusikiliza kiambishi. Funguo za chumba ziko hapa: "The keys to the room are here." Kila mgeni ana taulo: "Every guest has a towel."

Herufi s nayo ilinitesa. Kwenye nomino inaleta wingi, lakini kwenye kitenzi cha wakati uliopo inadai umoja: "guests arrive", "a guest arrives". Nikaifanya mwavuli mmoja wa watu wawili. Akiushika nomino, kitenzi kinalowa. Mwavuli huo haunisaidii kwa "children" na "people", ambazo ni wingi bila s. Na "does" ikitokea inaubeba yenyewe: "she does not know", kamwe siyo "does not knows".

Ila Kiswahili nacho kina mitego yake. Mgeni alisahau miwani, nikamwandikia "Your glasses is here", kwa kuwa miwani yake ilikuwa moja! Nikabandika karatasi kando ya kompyuta. Upande mmoja: maziwa, maji, nywele, pesa. Sisi tunasema yamemwagika, zimeisha. Kiingereza kinasema "is". Upande wa pili: miwani, suruali, mkasi. Kwetu ni kimoja, kwao ni "are". Polisi hawana shida, wamefika, "the police have arrived". "News" nimeikariri tu: ina s, na bado ni "is".

Karatasi imeshapauka. Juzi nimeongeza fanicha upande wa maziwa, baada ya kuandika "the furnitures are new" kwa mgeni ambaye ni mwalimu.