Mwiko wa Kamongo

Tuliondoka Nakuru alfajiri, mimi na binti yangu wa miaka tisa, kwa matatu ya Kisumu. Salgaa na Mau Summit tulizipita katika ukungu, Kericho tukaikuta imeloa mvua, na baada ya Awasi joto likazidi hata mtoto akavua sweta. Mashamba ya mpunga ya Ahero yalipoanza kuonekana, aliniuliza kwa nini mimi sili kamongo ilhali nimezaliwa Kisumu.

Nilimweleza kwamba wazazi wangu ni Waganda waliokimbia Uganda miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, na kwamba Mganda hufuata ukoo wa baba yake, wala hali kiumbe ambacho ukoo huo umepewa jina lake. Baba yangu alikuwa wa ukoo wa Mmamba, na mmamba ndiye huyo huyo kamongo, samaki ambaye majirani zetu Wajaluo humpenda sana. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama ni wa ukoo wa Nseenene, yaani senene, kwa hiyo kamongo si mwiko wake. Hata hivyo hakumpika hata siku moja. Jirani alipotuletea bakuli la mchuzi wake, mama alishukuru kwa Kijaluo chenye lafudhi ya Kiganda, kisha akaeleza kwa upole kwamba watoto hawa wana mwiko wa baba yao, naye hawezi kula mbele yao kitu walichokatazwa. Nilipokuwa msichana niliona haya, kwani nilitamani kula walivyokula wenzangu. Sikutambua kwamba alikuwa akibeba peke yake kazi ya ukoo mzima. Kwa desturi yetu msichana hufunzwa na ssenga, yaani shangazi, na upande huu wa mpaka hatukuwa na shangazi.

Mama alitupokea mlangoni akiwa amevaa gomesi, akasema, "Kulikayo," nami nikapiga magoti kumwitikia. Matoke yalikuwa tayari, pamoja na ngege wa kukaanga. Mtoto hakungoja hata kunawa mikono.

"Jajja, mimi naruhusiwa kula kamongo?"

Mama alifikiri kwa muda. Baba wa mtoto ni Mkipsigisi wa Londiani.

"Wewe ni wa kwa baba yako, mjukuu wangu. Kawaulize huko mwiko wao ni upi, kisha uje uniambie, nisije nikakupikia."