Nati zilizokazwa kabla ya Artemis I kuruka

Imeruka!

Leo, Novemba 16, 2022, saa 3:47 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, roketi ya SLS ya NASA imeondoka kituo cha anga cha Kennedy, Florida, Marekani, ikiwa na chombo cha Orion kisicho na abiria, kuelekea Mwezini. Hiyo ndiyo safari ya Artemis I.

Jaribio la kuirusha Agosti 29 lilikwama: kihisi kilionyesha injini namba 3 haijapoa inavyotakiwa kabla ya kuwashwa. Baadaye ikabainika kihisi ndicho kibovu. Septemba 3 haidrojeni, mafuta ya roketi hii, ilivuja kwenye kiungio cha bomba la kujazia.

Usiku huu imevuja tena, safari hii kwenye vali iliyo kwenye kitako cha jukwaa la kurushia.

Haidrojeni ya kimiminika ina nyuzi 253 chini ya sifuri. Chuma husinyaa, viungio hulegea, na molekuli ndogo za haidrojeni hupenya mwanya wowote.

Basi wakatumwa watatu, mafundi wawili na ofisa usalama, hadi chini ya roketi iliyojaa mafuta. Wakakaza nati za vali, wakaondoka. Uvujaji ukakoma.

Hao watatu wamenigusa kuliko moto wa injini zote 4.

Mliotazama, nyinyi mlishikwa na nini?