Daftari la mkutubi

Juzi binti yangu katoka maktaba na vitabu kwapani, ananiuliza, "Mama, sasa hivi vyote nani kalipia?" Nikamwambia sisi wote, kwa kodi. Akaniangalia kama namtania, akaenda zake kusoma. Mimi ndo nikabaki nakumbuka kile kikao cha bajeti.

Mlionifuatilia mwaka ule mnajua tulivyohangaika na barua na saini, sirudii. Kwa kifupi fungu la maktaba lilikuwa limekatwa nusu kwenye rasimu, na siku ya maoni ya wananchi tukajazana ukumbini na makaratasi yetu, ikiwemo ile Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO ya 1994 inayosema maktaba ya umma ni jukumu la serikali na huduma zake kimsingi ziwe bure. Tuligawa nakala, sikuona hata mmoja akifunua. Diwani mmoja akasema siku hizi kila kitu kipo kwenye simu, na kama maktaba tunaipenda hivyo si tutafute mfadhili. Mwalimu wetu mstaafu akanyanyuka, mheshimiwa, hata Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani aliyegharamia maktaba zaidi ya 2,500, alikuwa hatoi hela ya jengo mpaka mji uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya hela hiyo kuiendesha, yaani tajiri mwenyewe alijua mfadhili hawezi kuwa serikali! Tukapiga makofi. Diwani akatabasamu tu, lile tabasamu la mtu aliyeshahesabu kura.

Ndipo mkutubi akaenda mbele na daftari. Sio ripoti, daftari gumu la mistari, kona zimelika. Kila siku ina mstari wake na vijiti vya kuhesabia watu, vinne vimesimama na cha tano kimevikata, na pembeni kwa kalamu nyekundu kaandika walichofuata: fomu, mtihani, kuomba kazi, sehemu nyingine "kukaa tu". Mwenyekiti akavaa miwani, akawa anashusha kidole gumba polepole, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, ukumbi mzima unamsubiri. Kidole kikasimama. "Hapa mbona patupu?"

"Hizo ni Jumamosi, mheshimiwa. Mlitupunguzia siku za kufungua."

Hakupandisha sauti wala nini. Kuna mtu nyuma akaguna. Mwenyekiti hakujibu, ila kidole hakukitoa pale.

Basi fungu likarudi, karibu lote, tukapiga picha na kukumbatiana. Bajeti yenyewe ilipotoka ndo tukaisoma vizuri: mishahara ipo, umeme upo, ununuzi wa vitabu vipya, sifuri. Na ndivyo wanavyofanya bwana, hakuna anayethubutu kupiga kufuli mlangoni, wanabana masaa, wanabana vitabu, watu wakipungua wanakwambia si mnaona hawaji, wanakata tena.

Mwalimu mpaka leo anasema tulishinda. Mkutubi anasema tuliongezewa muda tu, kama mtu aliyechelewesha kitabu. Mimi nakubaliana na yeyote kati yao niliyeongea naye mwisho. Kikao cha mwaka huu ni mwezi ujao, na daftari nasikia limeshajaa lingine.